Sufuria ya Kupita Chini ya Popo

Kule Kapsirich, juu kidogo ya Silibwet, hakuna aliyewahi kumwona Janeffer akiogopa mtu. Aliwahi kumfukuza fahali wa jirani kwa mwiko wa ugali. Aliwahi kusimama kanisani, katikati ya mahubiri, akamuuliza mchungaji kama ng'ombe wa waumini watajikamua wenyewe. Mchungaji akafunga Biblia na watu wakaenda nyumbani. Lakini popo? Weee! Popo walimweza.

Na kwa vile woga wa mtu humfuata mpaka mlangoni, popo hao walichagua kukaa kwake. Mkuyu mkubwa ulisimama pale njia ya kuingia bomani inapoachana na barabara, ubavuni mwa kituo cha kupimia majani chai. Marehemu mume wake ndiye aliyewapa wakulima kipande cha kujengea kituo, lakini mti ulibaki wa familia. Popo walikuja mwaka wa tisini na mbili, wale wakubwa wenye sura ya mbwa, wakajining'iniza huko juu mchana kutwa wamejifunika mabawa. Njia nyingine haikuwepo. Upande huu ni mto, upande ule ni majani ya watu.

Basi Janeffer akawa anapita pale amevaa sufuria kichwani kama kofia. Akienda kupima majani, sufuria. Akienda kanisani, sufuria juu ya kitambaa cha Jumapili, na anaificha kwenye ua wa miiba wa kei-apple mpaka arudi. Bibi yake alikuwa amemwambia zamani kwamba popo akinasa kwenye nywele hatoki mpaka radi ipige. Sasa, huku kwetu kwenye chai radi hupiga karibu kila alasiri, kwa hivyo hata mtu angenaswa asingengoja sana. Lakini nani amewahi kumweleza mwoga mambo ya hesabu akasikia?

Mwezi wa Juni, mwaka wa tisini na nne, akaja kijana mmoja mrefu kutoka Sigor, anaitwa Kipkurui. Alikuwa anamaliza chuo kikuu, masomo ya wanyama wa porini, na alibeba fomu za kuuliza watu habari za popo. Alimkuta Janeffer kwenye foleni ya kupima majani, kikapu mgongoni.

"Mama, ukiona popo, unasikia nini moyoni? Nitakutajia, wewe unipe namba, moja mpaka tano. Furaha?"

"Furaha ya nini? Andika sifuri."

"Sifuri haiko, Mama. Inaanza na moja."

"Basi itafute."

"Woga?"

"Tano."

"Kinyaa?"

"Tano. Ngoja kwanza. Hiyo fomu inaishia tano?"

"Ndio."

"Pole yake."

Foleni nzima ilicheka, na kijana naye akacheka, ila aliandika. Swali la mwisho lilisema: uko tayari kufanya jambo lolote ili popo hawa wabaki hapa?

"Niko tayari kufanya jambo lolote waende," Janeffer akasema, akamwaga majani yake mezani yakaguliwe.

Aliyemfuata kuulizwa ni Oyugi, karani wa kituo, aliyetoka upande wa ziwa miaka kumi na mitano iliyopita na hajaonyesha dalili ya kurudi. Oyugi alikunjua uso wote. "Popo? Yawa! Hao nawapenda sana. Andika tano. Woga moja. Kuwalinda? Kabisa, hata kesho!" Tafadhali msimwite mwongo. Oyugi ni mtu anayependa mgeni aende nyumbani akiwa na furaha, na hiyo si dhambi.

Fomu ziliisha, lakini Kipkurui hakuisha. Kila mwezi alirudi kuhesabu popo. Akapata mia tatu na kumi na saba, na bado akarudi. Watu si wajinga, jamani. Hesabu gani hiyo isiyokwisha, na mwenye kuhesabu husimama palepale anapopita Chepchirchir saa tisa akitoka kufundisha watoto wa nasari? Chepchirchir ni binti wa Janeffer, na hana mwingine. Kufikia Krismasi hata wazee wa kituo walikuwa wanamuuliza, "Kipkurui, leo mia tatu na ngapi?" naye anaangalia viatu vyake.

Mwezi wa tatu ujumbe ukafika: watu wa Kipkurui wanakuja Jumamosi ya katikati ya Aprili kwa kikao cha posa, kile tunachokiita koito. Janeffer alifurahi mpaka akaimba zizini. Kisha akauliza ni nani atakayewaongoza wageni, akaambiwa ni Mzee Johana, baba mkubwa wa kijana. Wimbo ukakatika.

Mzee Johana wa Sigor alijulikana. Ni mzee wa kanisa, anaomba vizuri, lakini akienda kuposa bado anasoma njia kama wazee wa zamani: ndege gani amelia, amelia upande gani, nini kimekatiza mbele. Njia ikikataa, anageuka na watu wake wote, na hakuna wa kumrudisha.

Na Janeffer alijua kugeuka huko kukoje. Alipokuwa na miaka tisa, wageni wa dada yake Chepkemboi walifika mpaka kisimani, ndege akalia upande mbaya, wakarudi walikotoka. Chepkemboi alikuwa jikoni na nguo mpya. Alisikia habari kutoka kwa watoto waliokuja wakikimbia. Janeffer alikaa naye siku nzima, na vibuyu vinne vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha yenye mkaa, vimesimama ukutani, na hakuna aliyeinywa. Baada ya hapo Chepkemboi alikaa miaka sita kabla mtu mwingine hajauliza. Uchungu wa siku ile haukuwa umemtoka Janeffer hata kidogo. Na sasa njia ya kuingia kwake, njia pekee, ilipita chini ya popo mia tatu.

Ndipo Oyugi akamjia, kofia mkononi.

"Mama Chepchirchir, kiwanda kimeturudishia magunia mawili. Wanasema kuna uchafu wa popo kwenye majani. Kamati imekaa, inaomba mti ukatwe. Ni wako, kwa hivyo sema neno moja tu."

"Kata," Janeffer akasema. "Tena kata Ijumaa. Jumamosi nina wageni, nataka hapo pawe peupe." Kisha akamtazama. "Lakini wewe si uliandikisha tano?"

"Hiyo ilikuwa tano ya mapenzi, Mama. Mapenzi ni kando, majani ni kando."

Chepchirchir aliposikia hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa kwenye kigoda akamtazama mama yake akisugua kibuyu kwa mkaa.

"Mama, huo mti ndio kazi yake yote ya chuo. Ameuandikia kitabu."

"Anaoa wewe ama anaoa mti?"

"Anaoa mimi. Lakini akikuta kisiki ataniuliza nilikuwa wapi."

"Mwambie ulikuwa unafundisha A, E, I, O, U."

"Mama!"

"Wewe hukumwona Chepkemboi," Janeffer akasema bila kuacha kusugua. "Mimi nilimwona. Sitakuona wewe hivyo. Hata kama huyo kijana atalia machozi juu ya kisiki, atalia akiwa ndani ya boma langu."

Binti akavuta kigoda karibu. Akachukua kibuyu kingine, akasaidia kusugua.

Ijumaa, mvua. Mwenye msumeno wa injini, Onsongo, alituma habari kwamba plagi imekufa na anatafuta nyingine Bomet mjini. Oyugi akaapa kwamba kesho saa mbili, mvua inyeshe isinyeshe, mti utakuwa chini. Wageni walisemekana watafika saa nne. Janeffer alimjua Onsongo. Onsongo ndiye aliyeahidi kumchania mbao za choo na choo kikajengwa kwa mabati. Akaamua hatamngoja mwanamume na plagi yake.

Kwa hivyo Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alishuka mkuyuni na gambuti, sufuria kichwani, kaa la moto kwenye kopo, na mzigo wa matawi mabichi ya senetwet yaliyobaki alipochoma mkaa wa kusugulia vibuyu. Aliyarundika chini ya shina pamoja na mabua yenye unyevu, akapuliza. Moshi ulipanda mzito, unawasha macho. Kwa dakika tano hakukuwa na kitu. Halafu mti mzima ukafunguka.

Popo waliondoka wote kwa pamoja, asubuhi kweupe, wakaanza kuzunguka juu ya barabara kwa kelele. Janeffer alijikunyata chini ya sufuria, anacheka. "Nendeni!" akawapigia kelele. "Nendeni Kericho! Nendeni kwa mabepari wenye miti mingi!"

Pu! Kitu kikaanguka kando ya mguu wake.

Nitawaambia ukweli, Janeffer alipiga yowe na akakimbia mpaka kwenye mizani ya kituo, akaikumbatia. Ilimchukua muda kugeuza shingo. Popo mmoja alikuwa chini, amegonga tawi. Alikuwa anajikokota kwa vifundo vya mabawa, anasimama, anajikokota tena. Na alikuwa anaelekea kwenye shina lenye moshi.

Janeffer akakumbuka maneno ya yule kijana kwenye foleni, yale ambayo alijifanya hasikii. Popo wa aina hii akianguka chini hawezi kuruka, lazima apande mahali kwanza. Na usimshike kwa mkono, Mama, anaweza kukuuma. Basi huyu alikuwa anatafuta mahali pa kupanda, na hakujua pengine ila pale.

"Mimi siko hapa," Janeffer akamwambia. "Sijakuona." Akatazama upande wa mto. Akahesabu mpaka kumi. Akatazama tena, na safari hii popo alikuwa amesimama na kufungua bawa moja, na kifuani, amekumbatia manyoya kwa nguvu zake zote, alikuwepo mtoto. Mtoto mwenyewe si mkubwa kuliko kidole gumba. Mama yake alimfunika, akajikokota hatua moja, akasimama kumfunika tena.

"Ai, wewe!" Janeffer akasema kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya popo. "Watu wana watoto, na mtu anawasha moto?"

Akatoka mbio, akaupiga ule moto mateke kwa gambuti mpaka matawi yakatawanyika mtaroni. Akanyakua ufito mrefu wa kuangulia parachichi uliokuwa umeegemezwa kwenye ua, akausukuma taratibu mbele ya popo, amefumba jicho moja. Popo akanusa. Akashika. Uzito wake ulipofika mikononi mwa Janeffer, aliukaza ufito kwa mikono yote miwili.

"Sikiza," akamnong'oneza, akianza kuuinua ufito. "Ukinirukia nakufa. Na nikifa, nani atawapikia wageni? Kaa tu hapo. Mshike mtoto vizuri. Polepole, mama. Polepole."

Sasa, Mzee Johana, kwa kuogopa ndege wa njiani, alikuwa amewatoa watu wake Sigor alfajiri, kabla ndege hawajaamka vizuri. Pikapu yao ilipinda kona ya kituo saa moja na dakika chache, karibu saa tatu nzima kabla ya wakati. Wakashuka, wazee wanne kwa makoti na akina mama wawili kwa leso mpya, na Kipkurui nyuma yao. Wakaona popo mia tatu wanazunguka juu ya njia asubuhi kweupe, moshi umetanda, na mama wa binti waliyekuja kuposa amesimama katikati kwa gambuti, sufuria imemfunika macho, ameinua ufito wenye popo nchani. Kipkurui alijificha uso kwa mikono.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, upande ule mwingine wakatokea Oyugi na Onsongo na msumeno. Onsongo kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amewahi.

"Washa!" Oyugi akasema, na msumeno ukanguruma.

"Zima!" Janeffer hakuweza kugeuka, popo alikuwa bado hajafika tawini. "Oyugi! Zima hicho kitu! Kuna mama hapa!"

"Mama nani?"

"Ana mtoto! Zima nasema, ama nitakuja hapo nikuoneshe!"

Msumeno ukanyamaza. Popo akanyoosha kidole chake chenye ukucha, akashika tawi, akapanda, akageuka kichwa chini, akamfunga mtoto ndani ya bawa. Janeffer akashusha ufito, akaiinua sufuria machoni. Hapo ndipo alipowaona wageni.

 Aliwatazama wale wazee wamesimama barabarani, pale kabisa ambapo angekuwa amesimama mzee wa zamani kabla ya kugeuka, na akamwona Chepkemboi jikoni na nguo mpya. Nyuma yake, kule nyumbani, Chepchirchir alikuwa anapaka mafuta miguu. Machozi yakamjaa.

"Wazee," akasema, "kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewatimua hawa. Msimhesabie mtoto wangu."

Mzee Johana alivua kofia, akatazama juu muda mrefu. Popo walikuwa wameanza kurudi mtini, mmoja mmoja.

"Unawapenda hawa?" akauliza.

"Siwapendi, Mzee. Nawaogopa, ndiyo maana unaona hii sufuria."

"Na huyo, kwa nini umemwinua?"

"Alikuwa na mtoto."

Mzee akakohoa. "Mimi nimesoma njia miaka arobaini," akasema, akiwageukia watu wake. "Ndege nawajua. Wanyama nawajua. Huyu ana meno na ana mabawa, hayuko upande wowote, kwa hivyo kwa hesabu yangu hajakatiza. Lakini huyu mama nimemwona kwa macho yangu. Kama anaweza kumfanyia hivyo anayemwogopa, aliyemzaa mwenyewe amemlea vipi? Tunaingia."

Lakini hakuingia. Alichukua hatua moja, akatazama juu, akarudi nyuma, akamsogelea Janeffer na kushusha sauti.

"Mama, hiyo sufuria... nyingine haiko?"

Ndivyo Mzee Johana wa Sigor alivyopita chini ya mkuyu, kofia imerudi kichwani na sufuria juu yake, ameshikilia mishikio yote miwili, akitembea haraka kuliko umri wake.

"Na majani je?" Oyugi aliuliza nyuma yao, mnyonge kabisa. "Mama Chepchirchir, kiwanda nitakiambia nini?"

"Oyugi, mizani imefungwa upande gani wa kituo?"

"Upande huu wa mti."

"Na upande ule mwingine kuna nini?"

Oyugi akaenda akauangalia upande ule mwingine. Mizani ilikuwa imening'inia mahali pamoja miaka kumi na mitano, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyefikiria kuifungua na kuihamisha. "Hakuna kitu," akasema. Onsongo akatema mate, akaenda kuegesha msumeno.

Kikao kilikwenda vizuri, wakaelewana, na mursik ikanywewa mpaka vibuyu vikapigwa matako. Jioni wazee walipokuwa wanapumzika, Kipkurui alitoa fomu kutoka kwenye mfuko wa koti. Alitakiwa kuwauliza watu walewale mara ya pili, kuona kama wamebadilika, na Janeffer alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Lakini sasa ikawa shida. Kwetu, posa ikishakubaliwa, mkwe na mama mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani ana kwa ana, wanaogopana kwa heshima. Yeye yuko sebuleni na Janeffer yuko jikoni. Basi Chepchirchir akafanywa tarishi wa maswali.

"Mama, anauliza furaha ni ngapi."

"Moja. Mwambie sifuri bado haijapatikana?"

Akaenda, akarudi. "Anauliza woga."

"Tano."

"Kinyaa?"

Janeffer akafikiri. "Andika nne. Yule mdogo alikuwa na masikio mazuri."

"Na uko tayari kufanya jambo lolote ili wabaki?"

"Huo mti mtu asiuguse mimi nikiwa hai. Andika hivyo hivyo."

Chepchirchir akaenda. Alikaa huko kidogo, akarudi anacheka. "Mama, anasema majibu yako hayaingiani. Mtu wa woga tano hawezi kuwa tayari kuwalinda. Anauliza kama umekosea."

Janeffer aliweka kibuyu chini, akafuta mikono kwenye leso. Akamtazama binti yake, nguo yake mpya, miguu yake inayong'aa mafuta.

"Mwambie," akasema, kwa sauti ya kufika sebuleni bila kutumwa, "kuanzia leo mimi na yeye tunaogopana mpaka hatuwezi kutazamana usoni. Na bado nimempa mtoto wangu."

 Wakasikia karatasi ikigeuzwa huko sebuleni, na Kipkurui akaandika.